Saladi ya nyanya na mkate imenishinda mara tatu: kosa ni la mkate, la nyanya au langu?

#1 Kipara wa Area C
Wakuu salaam. Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa Siena, Italia, kwa mafunzo ya wiki sita. Joto kali, hamu ya kula hakuna. Mama mwenye nyumba tuliyopanga akawa anatuwekea mezani bakuli la nyanya, kitunguu, majani fulani yenye harufu na mkate uliolowana, vyote vimechanganywa, baridi. Wanaita panzanella. Siku ya kwanza nilidhani ni makombo ya jana. Siku ya tatu nilikuwa nagombea ukoko wa bakuli na Mghana mmoja.

Nimerudi Dodoma, nimejaribu mara tatu. Ya kwanza nilitumia mkate wa slesi, nikaumwagia nyanya. Dakika kumi tu ukawa uji. Uji kabisa, wa kunywa kwa kikombe. Ya pili nikaukausha kwanza kwenye kikaango, ukawa kokoto. Ya tatu nikachukua slesi zilizolala siku mbili. Haukuwa uji wala kokoto, ila una utamu kama keki iliyodondokea kwenye kachumbari. Shemeji yangu alikuwa mgeni siku hiyo. Alikula kijiko kimoja, akaulizia kama kuna ugali.

Kosa liko wapi?

#2 Ngosha Mpole
Shemeji apewe ulinzi. Hiyo ni kachumbari ya mtu aliyeishiwa nyama tarehe 20.

#3 Binti Tabata
Kosa ni mkate, usihangaike kutafuta pengine. Slesi zetu zina sukari, zina mafuta, zimetengenezwa ziwe laini kama pamba. Huo ni mkate wa chai. Tafuta boflo, ule mrefu wenye ganda gumu, ndani unga, maji, hamira na chumvi basi. Halafu uache ulale siku mbili.

#4 Kipara wa Area C
Asante Binti. Ila kule Siena mkate wenyewe hauna hata chumvi. Nilipoula mkavu mara ya kwanza nilidhani mwokaji kasahau.

#5 Ngosha Mpole
Mkate bila chumvi? Hawa watu wana mafuta, wana bahari, chumvi imewashinda nini?

#6 Yaya wa Arezzo
Habari zenu. Nipo Arezzo mwaka wa tano huu, namtunza bibi wa miaka 87, na kiangazi chote hiki chakula ndicho kinachotulisha. Ngoja niwaambie anavyofanya, kwa sababu naona mmeanza na mwisho.

Mkate hauchanganywi na nyanya ukiwa mkavu. Bibi anachukua mkate wa siku tatu nne, mgumu kiasi cha kumpigia mwizi, anaukata vipande vinene. Anavitumbukiza kwenye beseni la maji baridi yenye siki kidogo. Anasubiri hadi ulainike mpaka katikati. Anajua kwa kuubonyeza kwa kidole gumba, saa haangalii. Kisha anaukamata kwa viganja viwili anaukamua kama sisi tunavyokamua tui. Anakamua tena. Kinachobaki ni kama chicha la nazi: kina unyevu, lakini hakitoi maji. Anakichambua kwa vidole mpaka kiwe chengachenga, ndipo nyanya zinaingia, na kitunguu chekundu kilichokaa kwenye maji ya siki nusu saa ili kipungue ukali, majani ya basilico aliyoyachana kwa mkono, chumvi, mafuta ya zeituni. Bakuli linafunikwa saa moja au mbili sehemu ya baridi. Anaonja, anaongeza siki.

Kwa watu watano: mkate robo tatu ya kilo, nyanya nusu kilo au zaidi kidogo, kitunguu kimoja kikubwa. Ona mwenyewe, mkate unazidi nyanya. Wewe Kipara nahisi ulifanya nyanya nyingi mkate kidogo.

Na tango haweki. Dada mmoja wa zamu aliweka tango, bibi alilitoa kipande kimoja kimoja kwa uma, kimya kimya, akavipanga pembeni ya sahani kama ushahidi mahakamani.

#7 Mama Shani
Kama tui! Sasa nimeelewa. Uzi huu naweka kambi.

#8 Mkulima Ilula
Naheshimu bibi wa Arezzo, lakini kabla hamjamhukumu mkate, mniambie nyanya gani. Sisi Ilula tunalima nyanya za kusafiri. Tanya, Tengeru 97, Rio Grande, Cal J: ganda nene, nyama nyingi, maji kidogo, zikae kwenye tenga siku tatu njiani hadi Dar bila kupasuka. Nzuri kwa mchuzi. Kwa kula mbichi zinakuwa kama tofaa lisilo na sukari. Halafu zinachumwa zikiwa zimeanza tu kuwa na rangi, zinaivia kwenye gari.

Nyanya ya saladi iive kwenye mti. Ikiiva hivyo, unaikata, unaitia chumvi, unaiacha kwenye chujio juu ya bakuli robo saa. Maji yanayodondoka ndiyo ladha yenyewe. Hayo ndiyo ya kulowekea mkate, siyo maji ya bomba! Ukiloweka mkate kwa maji halafu ukakamua, umetia nini mle? Maji.

#9 Kipara wa Area C
Mkulima, sasa umenichanganya. Mwenzio anasema nilitia nyanya nyingi mkate kidogo, wewe unasema nyanya zetu hazina maji. Uji ulitoka wapi?

#10 Mkulima Ilula
Ulizipika kwanza?

#11 Kipara wa Area C
Nilizisaga kidogo.

#12 Ngosha Mpole
Hahahaha mtu kasaga nyanya, kamwagia kwenye slesi, halafu anafungua uzi kuuliza uji umetoka wapi. Mods, fungeni.

#13 Kipara wa Area C
Nilisaga nusu tu. Nyingine nilikata. Nilitaka iwe na mchuzi.

#14 Mzee wa Faili
Turudi kwenye swali la #5. Mkate wa Toscana, mkoa wenye Siena na Arezzo, hauna chumvi kwa sababu Papa alipandisha kodi ya chumvi, wananchi wakagoma kuinunua, wakaoka bila. Mgomo ukawa mila.

#15 Yaya wa Arezzo
Mzee, hapo umehamisha mji. Hiyo ya Papa na kodi ya chumvi ni ya Perugia, mkoa wa jirani, mwaka 1540, na hadi vita vilipiganwa. Nao mkate wao hauna chumvi, ndiyo maana watu wanachanganya. Watu wa Firenze hadithi yao ni nyingine: wanasema karne ya 12 Pisa walikuwa na bandari, chumvi inapita kwao, wakawafungia Firenze njia. Firenze wakasema sawa, tutakula bila.

#16 Mzee wa Faili
Nakubali kusahihishwa kuhusu Perugia. Lakini sababu inabaki ileile: chumvi ilikuwa ghali.

#17 Tanuri la Moro
Ilikuwa ghali kila mahali, mbona Ulaya nzima haikuacha? Mimi mwokaji, naona jambo jepesi zaidi. Vitoweo vyao vina chumvi kupita kiasi: paja la nguruwe la kukausha, soseji kavu, jibini la kondoo. Ukiwa na kitoweo hicho hutaki mkate wa chumvi, kama vile sisi hatutii chumvi kwenye ugali kwa sababu mboga inayo. Mnatafuta vita na Papa wakati jibu liko kwenye sufuria yenu.

#18 Mama Shani
Hii ya ugali imenikaa.

#19 Mzee wa Faili
Inakaa vizuri lakini haithibitishi. Huenda soseji zilitiwa chumvi nyingi kwa sababu mkate haukuwa nayo. Kipi kilitangulia?

#20 Ngosha Mpole
Kuku.

#21 Mwana Watamu
Hamjambo huko bara. Mimi nimepika nyumba za Wataliani Malindi na Watamu miaka kumi na minne, na nawaambia msiwasikize, maana wao wenyewe hawasikizani. Nimefanya kazi kwa mtu wa Firenze, akawa ataka mkate ulowekwe ukamuliwe, vivyo hivyo asemavyo dada wa Arezzo. Nikahamia kwa mtu wa Milano, nikamfanyia hivyo, akaniuliza kwa nini nimempa chakula cha mgonjwa! Yeye ataka mkate ukatwe vijipande kama dadu, uchomwe kwa mafuta na kitunguu saumu, uingie kwenye nyanya dakika ya mwisho, ulie menoni. Kisha akaja mzee wa Puglia na mikate yake migumu ya mviringo, frisella, iliyookwa mara mbili, yachovywa majini upesi kisha nyanya yawekwa juu. Huyo akasema wote wawili wamepotea.

Kwa hivyo Kipara, ile ya kikaango haikuwa kosa. Ulikosa subira tu. Uliupa mafuta ama uliukausha mkavu?

#22 Kipara wa Area C
Mkavu. Mafuta ya zeituni bei yake hapa ni kilio, niliyatunzia mwisho.

#23 Binti Tabata
Tumia alizeti. Uko Dodoma, Singida ni jirani, unalilia zeituni?

#24 Mwana Watamu
Alizeti yafaa kuchomea. Ya kumalizia sharti zeituni hata kijiko kimoja. Harufu ndiyo mwenyewe.

#25 Mkulima Ilula
Alizeti iliyokamuliwa mashine ya mtaani, isiyosafishwa, ina harufu kuliko hiyo zeituni ya chupa. Nimeshakula na nyanya mbichi nikashiba. Tusidharau vya kwetu.

#26 Bi Mkubwa wa Ruwi
Assalaam alaykum wanangu. Mimi niko Maskati, nimezaliwa Ng'ambo, Unguja. Nasoma toka juu nacheka, maana hicho chakula sisi huku tunakila kila wiki na hakina jina la Kitaliani. Ni fattush. Mkate wa Kiarabu uliolala, unaukaanga au unauchoma hadi ukauke, unauvunjavunja juu ya nyanya, matango, figili, nanaa, ndimu, na sumaki.

#27 Ngosha Mpole
Bi Mkubwa, sumaku kwenye saladi? Vijiko vinatoka vyenyewe?

#28 Bi Mkubwa wa Ruwi
Sumaki mwanangu, kwa i. Ni unga mwekundu wa tunda la mti, mchachu. Ungekuwa karibu ningekutia kofi la mapenzi.

#29 Yaya wa Arezzo
Shikamoo Bi Mkubwa. Ila fattush na hii siyo kitu kimoja. Fattush ni ya Sham, Lebanoni na Syria huko, na mkate wake unatakiwa uvunjike mdomoni. Huu wa huku unatakiwa ulegee. Ukimpa bibi yangu fattush atasema umesahau kuulowesha.

#30 Bi Mkubwa wa Ruwi
Marahaba. Sikusema ni kimoja, nimesema kila mwenye mkate uliolala kagundua mwenyewe la kufanya. Kiporo hakitupwi. Na fattush ya kweli ina jani liitwalo bagla, nene, chachu kidogo, linatambaa chini. Nilipoletewa mara ya kwanza hapa nilishangaa: hili si ndilo tako la hasani lililokuwa likiota uani kwetu, tukiling'oa tukilitupa?

#31 Mkulima Ilula
Tako la hasani ni magugu sugu kwenye nyanya. Kwangu limejaa. Kumbe nang'oa saladi.

#32 Mzee wa Faili
Hapa ndipo uzi unaponoga. Kuna mchoraji wa Firenze, Bronzino, aliyezaliwa 1503 akafa 1572. Alikuwa mshairi pia, na alitunga shairi la kusifu kitunguu. Humo anasifia saladi ya kitunguu kilichokatwakatwa, pamoja na jani hilohilo la tako la hasani, na tango, mtu anachovya mkate. Nyanya haimo.

#33 Binti Tabata
Haimo vipi, saladi ya nyanya bila nyanya?

#34 Mzee wa Faili
Nyanya asili yake Amerika. Toscana kumbukumbu za mapema za nyanya ni 1548, kapu limepelekwa kwa familia ya Medici, watawala wa Firenze, pale Pisa, na watu walizitazama kama maajabu, siyo chakula. Ilichukua vizazi kabla hazijaingia mezani kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo saladi ya mkate na kitunguu ni kongwe kuliko nyanya yake. Na sasa dada wa Arezzo amwambie bibi kwamba TANGO lilikuwemo miaka mia nne na zaidi iliyopita, wakati nyanya ndiyo mgeni.

#35 Mwana Watamu
Weeee! Mpeleke huyo bibi Bronzino.

#36 Yaya wa Arezzo
Nimemwambia sasa hivi. Amesema Bronzino alikuwa mtu wa Firenze, na watu wa Firenze hawajui kula. Kesi imefungwa.

#37 Msomaji Kimya
Samahani kuingilia. Hayo majani ya harufu ni yapi? Mimi nilisoma mahali kwamba ni mrehani, nikaenda kuchuma kwenye ua wa jirani. Saladi ikawa na harufu ya chumba kilichofukizwa mbu. Mume wangu hadi leo akiona bakuli la kioo anauliza "leo mbu wamekuja?"

#38 Bi Mkubwa wa Ruwi
Mwanangu ulichuma kivumbasi! Vinafanana, ni ndugu. Kivumbasi jani dogo, lina vinyweleo, harufu kali ya kufukuzia mbu. Mrehani jani lake laini, harufu tamu. Na sisi mrehani tulikuwa tunautia kwenye nywele pamoja na asumini, mtu kuutia kwenye chakula ungeambiwa umechanganyikiwa.

#39 Mwana Watamu
Kuna mrehani na mrehani. Wa pwani una harufu kali ya karafuu. Wa Wataliani una jani pana kama kiganja cha mtoto, mpole. Mimi napanda mbegu zao kwenye kopo la rangi mlangoni. Ukikosa, tia nanaa, lakini usiwaambie.

#40 Nesi wa Zamu
Naomba niwaharibie kidogo. Nyanya, kitunguu na majani mabichi, umeviosha kwa maji gani? Mwaka fulani nilikula kachumbari kwenye sherehe moja, siitaji wapi, siku tatu sikutoka nyumbani. Kipindupindu kikilipuka vitu vya kwanza kupigwa marufuku vibandani ni kachumbari na juisi, na kuna sababu. Hapa mnaloweka mkate kwenye maji mabichi halafu mnakamua kwa viganja. Maji yachemshwe yapoe. Mikono kwa sabuni. Basi, endeleeni.

#41 Kipara wa Area C
Asante Nesi. Maji nilichemsha, angalau hapo sikukosea.

#42 Tanuri la Moro
Sasa nirudi kwenye kazi yangu, maana hapa kuna kitu kinapita bila kuguswa. Mnasema mkate "mkavu" na mkate "uliolala" kana kwamba ni mmoja. Siyo.

Mkate ukilala, wanga wake unajipanga upya na kushupaa hata kama maji bado yamo ndani. Ndiyo maana mkate wa jana ukiupasha moto unarudi laini: joto linaufungua tena ule wanga. Mkate mkavu umepoteza maji, hata ukiupasha harudi mtu. Huu uliolala ndio unaokunywa maji taratibu ukashika umbo. Ukikausha kwenye kikaango mkate wa leo, unakausha ganda tu, ndani bado wanga ni mbichi kwa maana hiyo. Ukikutana na maji, nje kokoto, ndani ugali. Kipara, hiyo ndiyo mara yako ya pili.

Na slesi haifiki huko kabisa. Mafuta na vile vilainishi vimewekwa humo makusudi ili wanga usishupae. Jaribuni nyumbani: acheni slesi kwenye mfuko wake, itaota ukungu kabla haijawa ngumu.

Mkitaka mkate ulale haraka, wekeni kwenye friji, siyo kwenye friza. Baridi ya friji ndiyo inashupaza upesi kuliko mezani. Watu wanaweka mkate frijini wakidhani wanauhifadhi.

#43 Binti Tabata
Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu #3. Nisimame au nikae?

#44 Mwana Watamu
Ngoja kwanza. Tanuri asema kweli, ila asahau hewa. Huku Watamu ukiacha mkate siku tatu haulali, waota ndevu! Unyevu wa bahari. Mimi nakata boflo kati, naanika kwenye ungo juani asubuhi, nafunika kwa kitambaa, vile twaanika muhogo. Jioni nipo tayari. Dodoma kwenyewe ni kukavu, mkate ukiachwa wazi wakauka nje kabla haujalala ndani. Kila mji na mkate wake.

#45 Tanuri la Moro
Wa kuanika ni mkavu, siyo uliolala. Nimeshasema.

#46 Mwana Watamu
Na watu wamekula miaka kumi na minne, hakuna aliyerudisha sahani.

#47 Mkulima Ilula
Na nyanya msiweke frijini hata kama mkate mnaweka. Chini ya nyuzi 12 hivi harufu yake inakufa, hairudi yote. Mkate ndani, nyanya nje. Hii pekee ingemaliza nusu ya malalamiko ya watu wa mjini kwamba nyanya za siku hizi hazina ladha.

#48 Ngosha Mpole
Nusu nyingine ni nyie mnaochuma mbichi.

#49 Mkulima Ilula
Njoo wewe ulime, kantangaze akuingilie shambani, uone kama utasubiri ziive kwenye mti. Yule mdudu anatoboa tunda ndani kwa ndani, ukichelewa wiki umevuna matundu.

#50 Msomaji Kimya
Mwana Watamu, naomba kuuliza nje ya mada. Hao Wataliani walifuata nini Malindi?

#51 Mwana Watamu
Bahari, na roketi. Hapo Ngomeni walikuwa na jukwaa baharini la kurushia satelaiti tangu miaka ya sitini. Ile iliyoitwa Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, iliyo pia siku ya uhuru wetu, ndiyo jina likatoka hapo. Mafundi wakala, wapishi tukajifunza. Babangu mdogo alianza kupika pasta kwa watu wa roketi.

#52 Mzee wa Faili
Na hiyo ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kupima miale ya eksirei kutoka angani. Ila tuko kwenye saladi.

#53 Kipara wa Area C
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nimefanya mabakuli matatu.

Boflo nimepata soko la Majengo. Nilimwambia muuzaji nataka la juzi, akaniangalia, akanipa, akanitoza bei ya leo. Nilipouliza akasema "wewe ndiye unayelitaka".

Bakuli A: boflo la siku tatu, maji na siki, kukamua kama tui. Dada wa Arezzo, ulisema kweli, lilibaki kama chicha. Bakuli B: boflo lilelile, nimelianika nusu siku kwenye ungo, nikalilowesha kwa maji ya nyanya tu. Bakuli C: slesi, nimeilaza frijini siku mbili, nikailoweka na kuikamua, kwa ajili ya Tanuri.

C ilitoka viganjani kama unga wa kuchezea watoto. Mtoto alitengeneza ng'ombe.

A ilikuwa karibu kabisa na ya Siena kwa mguso, lakini ladha nyepesi, nikaongeza siki mara tatu. Baada ya saa mbili ikawa nzuri zaidi. B ilikuwa na ladha kali ya nyanya tangu mwanzo ila vipande vingine vigumu, vingine vimelegea. Mke wangu kachagua A. Mimi A. Watoto B. Tango niliweka kwenye B tu, mnisamehe.

Shemeji alikuja tena. Alikula B yote. Aliomba ugali kwanza, akaifanya mboga.

#54 Mkulima Ilula
B! Maji ya nyanya! Nilisema.

#55 Binti Tabata
Mkate. Vyote viwili vilivyofaulu ni boflo. Nyanya ulitumia zilezile kwenye C na ikaharibika.

#56 Tanuri la Moro
Boflo la siku tatu lilikuwa limeshalala kabla hujalianika. Jaribio la B halijathibitisha kuanika.

#57 Mwana Watamu
Halijathibitisha lakini limeliwa na ugali. Wewe chako kimekuwa ng'ombe.

#58 Ngosha Mpole
Bila picha hatuamini.

#59 Kipara wa Area C
Nimeweka. Ya shemeji ndiyo ya kushoto.

#60 Yaya wa Arezzo
Nimemwonyesha bibi. Kavaa miwani, kaikuza picha kwa vidole viwili. Kauliza kile cheupe pembeni ni nini. Nimemwambia ni polenta ya mahindi meupe, ndiyo chakula chetu. Akafikiri. Akasema polenta na panzanella haviliwi pamoja, lakini mkono wa yule bwana unaonekana una njaa ya kweli, aachwe ale. Halafu akaliona tango.